Mtoto ana kipaji cha muziki? Kwanza uliza nani alimsikiliza

Video hiyo najua umeiona, ama umeona nyingine inayofanana nayo. Mtoto wa miaka minne hivi, miguu mitupu, kaptula imeshonwa mara mbili nyuma, amekalia tofali na mbele yake kuna debe la lita ishirini. Ana vijiti viwili. Anapiga ohangla, na si kubahatisha. Anaingia, anatoka, anaacha pengo kidogo, anarudi palepale pigo linapotakiwa. Nyuma ya simu watu wazima wanacheka, na mmoja anasema, "Huyu amezaliwa nayo, bana!"

Unaweka alama ya moyo, unamtumia beste yako, kisha unasogeza kidole. Video inayofuata ni ya paka.

Mimi hukwama kwenye ile sentensi ya mwisho. Eti amezaliwa nayo. Tunaitamka kama pongezi, lakini nimeishi nayo kwa muda mrefu na nimeona inachofanya. Inafunga mazungumzo. Mtoto akishazaliwa nayo, kazi yetu imekwisha kabla haijaanza, na yule ambaye hakuonekana kuzaliwa nayo hatuna la kumfanyia pia. Leo nataka tuufungue tena huo mjadala, mimi na wewe, kwa sababu Desemba hii utaenda ocha, na huko kuna mtoto anayegonga kitu.

Mimi ocha kwetu ni Sori. Kama hujafika, ni mji wa ziwani pale Karungu, Nyatike, kaunti ya Migori. Ukifuata ufuo kwenda kaskazini unaingia Homa Bay, ukishuka kusini unafika Muhuru Bay na baada ya hapo ni Tanzania. Watu wanaijua kwa omena. Mimi naijua kwa kelele.

Hebu fikiria mtoto anayekulia pale. Usiku mashua ziko majini na taa zake, zinavua omena. Alfajiri zinarudi, na wanaume wanavuta nyavu kwa wimbo, kwa sababu bila wimbo mikono haivuti pamoja. Asubuhi akina mama wanatandaza omena juani, na kuna anayeanzisha na wengine wanaitikia. Jumamosi ni Sabato, na katika sehemu hii ya Nyanza, ambako Waadventista walifungua misheni yao ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka wa 1906, kwaya haiimbi sauti moja. Inaimba nne, bila ala, na mtoto amekaa mapajani mwa mama yake katikati ya hizo sauti. Halafu kuna matanga. Ohangla mpaka asubuhi, mzee na nyatiti yake, spika kubwa kama kabati. Hakuna anayemwambia mtoto akalale.

Kufikia miaka minne, mtoto huyo amesikia muziki wa watu halisi, ana kwa ana, kuliko wanafunzi wengi wanaolipiwa masomo ya piano hapa Nairobi. Lakini sisi tukimwona na debe tunashangaa ametoa wapi!

Usinielewe vibaya. Sitakuambia kwamba kuzaliwa hakuna maana. Kuna.

Tuanze na sikio. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho. Mwaka wa 2009 watafiti kule Budapest, Hungary, waliwachezea watoto wachanga wa siku mbili tatu mdundo wa ngoma, kisha wakaondoa pigo la kwanza, lile zito. Watoto walikuwa wamelala, lakini ubongo wao ulishtuka, kama wewe unavyoshtuka mguu ukikosa ngazi gizani. Siku mbili duniani, na tayari kuna kitu ndani kinachongoja pigo. Angalia lakini: hao hawakuwa watoto wa ajabu. Walikuwa watoto tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mtoto huzaliwa nacho ni kile ambacho karibu sote tulizaliwa nacho.

Kuna sikio lingine ambalo si la wote. Kuna mtu ukigonga sufuria atakuambia ni noti gani, bila kulinganisha na chochote. Huko Ulaya na Marekani husemwa kwamba watu wa aina hiyo ni kama mmoja kati ya 10,000. Mozart alikuwa nalo. Ungedhani hiyo sasa ni damu tupu. Lakini mwaka wa 2006 mtafiti Diana Deutsch na wenzake walilinganisha wanafunzi wa muziki wa Beijing na wa Marekani. Kati ya walioanza muziki wakiwa na miaka minne au mitano, asilimia 60 hivi ya wale wa Beijing walikuwa na sikio hilo. Kwa Wamarekani ilikuwa asilimia 14. Walioanza wakiwa na miaka minane au tisa, Wamarekani hakupatikana hata mmoja.

Maelezo ya Deutsch ni lugha. Kichina ni lugha ya toni. Neno lilelile likipandishwa au kushushwa sauti linakuwa neno lingine. Mtoto anayejifunza kusema anajifunza pia kushika noti. Sasa fikiria: Kiswahili hiki tunachoandikiana hakina toni, lakini Dholuo inayo. Mtoto wa Sori anayemwita nyanyake "Dani" na kuomba uji tayari anapanda na kushuka sauti kwa makini, na akikosea anachekwa. Sisemi kwamba kila Mjaluo ana sikio la Mozart, msije mkaanza majivuno bure. Ninachosema ni kwamba hata sikio tunalodhani ni la damu peke yake lina dirisha, na hilo dirisha liko wazi zaidi kabla ya darasa la kwanza.

Halafu kuna pacha. Mwaka wa 2014 watafiti wa Sweden walichapisha kazi juu ya pacha zaidi ya 10,000. Waliwapima uwezo wa kutofautisha midundo, tuni na noti, na wakawauliza wamefanya mazoezi kiasi gani maishani. Walipolinganisha pacha wa kufanana, yule aliyefanya mazoezi saa nyingi zaidi hakusikia vizuri kuliko mwenzake. Na kubwa kuliko hilo, hata ile hamu ya kufanya mazoezi ilionekana kurithiwa kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba mtu yeyote akifanya mazoezi saa elfu kumi atakuwa bingwa alikuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini soma vizuri walichopima. Walipima kusikia. Kusikia si kupiga. Sikio zuri bila mkono uliozoea ni kama shabiki anayejua kila kosa la kocha lakini hajawahi kugusa mpira.

Kwa upande wa mkono, habari ni nyingine. Mwaka wa 1996 Waingereza, John Sloboda na wenzake, walifuatilia vijana 257 waliosoma muziki, kuanzia waliokuwa bora hadi walioacha njiani. Walitafuta wale wenye kipaji ambao labda hupanda gredi kwa jasho dogo. Hawakuwapata. Aliyekuwa bora alihitaji saa karibu zilezile kutoka gredi moja hadi nyingine kama mwenzake wa kawaida. Tofauti ni kwamba yeye alizimaliza hizo saa mapema, kwa sababu alipiga zaidi kila siku. Na kule Berlin, katika utafiti maarufu wa 1993, wanafunzi bora wa fidla walikuwa wamefanya mazoezi peke yao zaidi ya saa 7,000 kufikia umri wa miaka 18. Waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki walikuwa na karibu nusu ya hizo.

Sasa tupige hesabu ya Sori. Mtoto anayegonga debe, sufuria, benchi la kanisa na mgongo wa mdogo wake kwa jumla ya saa mbili kwa siku, kuanzia miaka minne hadi kumi, amefikisha saa 4,380. Hakuna aliyeziandika. Hakuna aliyeziita mazoezi. Ziliitwa utundu, na nyingine zililipiwa kwa kofi. Siku anapopanda jukwaani akiwa na miaka kumi tunasema ni muujiza. Si muujiza. Ni utundu ambao haukuzimwa.

Na huwezi kugonga kisichokuwepo. Mwangalie Franco, yule Luambo Makiadi ambaye wazazi wetu wakimsikia wanazima redio nyingine zote. Alizaliwa 1938. Alikuwa mtoto mdogo alipojitengenezea gitaa la kuunda kwa mikono, nyuzi zake ni nyaya za umeme, akawa analipiga karibu na meza ya mama yake sokoni Kinshasa ili wateja wavutike kununua maandazi. Alipokuwa na miaka 15 alikuwa studioni. Papa Wemba naye, mama yake alikuwa mwombolezaji wa kulipwa, na kijana alimfuata matangani. Shule yake ya kwanza ya sauti ilikuwa kilio cha mama yake, naye mwenyewe alimtaja kuwa mwalimu wake wa kwanza.

Karibu zaidi na kwetu yuko Daniel Owino Misiani, mzee wa Shirati Jazz. Alizaliwa 1940 karibu na Shirati, ng'ambo tu ya mpaka. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji. Wakampinga kwa sababu za dini, lakini walikuwa wamechelewa. Nyumba ilikuwa imeshamfundisha. Akavuka akaja Kenya, na tangu hapo huwezi kutaja benga bila kumtaja. Ukisikiliza lile gitaa la benga vizuri, utasikia nyatiti ndani yake: vidole vinakimbizana kama kwenye zile nyuzi nane.

Hata ala zetu zimetengenezwa na vitu vya kwetu. Nyatiti ilikuwa na nyuzi za mishipa ya mnyama; siku hizi ni nailoni, ileile ya kuvulia samaki. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu, huigonga kwenye ubao wa ala, na njuga ziko mguuni. Mtu mmoja, bendi nzima. Orutu ina uzi mmoja, ambao siku hizi mara nyingi ni waya wa breki ya baiskeli, na ngozi ya kenge. Watoto wa kwetu huiga kwa mkebe. Kwa hiyo mtoto wa Sori hakosi ala. Ala inaokotwa ufuoni.

Basi anakosa nini?

Hapa acha nikusimulie jambo la nyumbani kwetu, na halinipendezi kulisema.

Mimi nimepewa jina la babu yangu, aliyekuwa jathum. Wajaluo wanajua maana yake. Mtoto akipewa jina la marehemu wa ukoo, watu hungoja kuona marehemu akijitokeza ndani yake. Kwa hiyo kabla sijajua kutembea vizuri, Dani alikuwa ameshaamua kwamba mimi ni mpigaji. Nikigonga kikombe: "Mnaona?" Nikilia kwa sauti kubwa: "Mnaona?" Nikiwa na miaka sita mjomba akanitengenezea orutu ya kweli, si ya mkebe. Wageni wakija niliitwa nipige. Nilikosea sana, lakini walishangilia.

Zamani nikikumbuka hayo nilimcheka Dani kimoyomoyo na mambo yake ya roho za mababu. Siku hizi simcheki. Kuna mtafiti wa Australia, Gary McPherson, aliyewauliza watoto wa miaka saba hadi tisa, kabla hawajaanza masomo ya ala, swali dogo: unadhani utapiga ala hii kwa muda gani? Mwaka huu tu? Mpaka umalize shule? Maisha yote? Baadaye akaona kwamba jibu lile lilitabiri maendeleo yao kwa kiasi cha kushangaza. Waliojiona wapigaji wa maisha walisonga mbele zaidi kuliko waliojiona wapitaji, hata kwa mazoezi yaleyale. Dani hakuwahi kusoma utafiti huo. Lakini alinipa jibu la swali lile kabla sijajua kuongea. Jina lilifanya kazi, na lilifanya kazi kupitia kwa watu: walinitazama, wakaningoja, wakanisikiliza.

Sasa habari mbaya. Nina dada, ananifuata kwa miaka mitatu. Yeye hakupewa jina la jathum yeyote. Akiwa na miaka sita alikuwa akirudi kutoka kanisani, anageuza omena juani na huku anaimba sauti ya pili ya wimbo mzima, ile ambayo watu wengi hata hawaisikii, achilia mbali kuikumbuka. Mimi nikiwa na orutu yangu pembeni, alikuwa akiniambia bila kuinua kichwa, "Umeteleza." Na kweli nilikuwa nimeteleza. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyesema "Mnaona?"

Si kwamba tulimnyima kwa ubaya. Hakuna aliyekaa kikao. Orutu ilikuwa yangu, nyatiti kwa desturi haikuwa ya wanawake, na omena zilihitaji mtu wa kuzigeuza. Karo ilipokuwa haitoshi watu wawili, nilienda mimi. Leo napiga gitaa katika bendi hapa Nairobi wikendi. Mimi ni mpigaji wa wastani, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu, waulize wenzangu. Yeye anauza omena Sori. Krismasi iliyopita nilikuwa nimekaa nje nikikaza nyuzi, na akaniambia kutoka jikoni, "Uzi wa tatu uko chini." Ulikuwa chini.

Tusidhani ni mambo ya Nyanza peke yake. Mozart alizaliwa 1756 na kila mtu anajua jina lake. Alikuwa na dada, Maria Anna, aliyezaliwa 1751. Baba yao, Leopold, alikuwa mwanamuziki na mwalimu, aliandika kitabu cha kufundisha fidla mwaka uleule mtoto wa kiume alipozaliwa. Aliwafundisha wote wawili, akawazungusha Ulaya wote wawili, na watu waliwashangaa wote wawili. Damu ileile, nyumba ileile, mwalimu yuleyule. Kisha 1769 msichana akafikisha miaka 18, wa kuolewa, na safari zikawa za baba na mwana. Ukiniuliza ni nini kinachofanya mtoto awe wa ajabu kwenye muziki, nitakuuliza kwanza: wa kiume au wa kike? Si kwa sababu masikio yao yanatofautiana.

Na kwamba desturi inaweza kupinda, tumeshaona. Kuna Mjapani anayeitwa Anyango, jina lake la kwao Eriko Mukoyama. Alikuja Kenya akiwa mtu mzima, akaenda Siaya, akakaa kwa mzee wa nyatiti mpaka akakubaliwa kufundishwa. Leo anaipiga duniani kote. Mwanamke kutoka Japani alipewa nafasi kwa kuwa aling'ang'ania. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini nikimtazama namfikiria msichana anayegeuza omena, ambaye hahitaji hata nauli ya kufika kwa mwalimu.

Labda unaniambia: sawa, lakini si kila mtoto atakuwa Franco. Kweli. Nimeshakubali kwamba masikio hayalingani na hamu hailingani. Lakini tafuta habari za Wavenda wa Limpopo, Afrika Kusini, ambao John Blacking aliishi nao miaka ya 1950. Aliwakuta wakichukulia kwamba kila mtoto ni wa muziki, kama sisi tunavyochukulia kwamba kila mtoto ataongea. Walijua kabisa nani bora kuliko nani. Lakini kwa kuwa hawakuanza kwa kuwachuja, walikuwa na wengi wa kuchagua. Shinichi Suzuki wa Japani naye alijenga mbinu nzima ya fidla juu ya wazo hilohilo: kama mtoto wa miaka mitatu anaweza kuimudu lugha ya mama yake kwa kuisikia kila siku, basi muziki pia atauweza. Sisi hufanya kinyume. Tunangoja mmoja ajitokeze mwenyewe, tunamrekodi, halafu tunasema kipaji ni adimu.

Na kumrekodi peke yake si kumsaidia. Kumbuka Uganda mwaka wa 2019. Mtoto wa miaka saba, Fresh Kid, alikuwa anarap kuliko watu wazima, na nchi nzima ilimjua. Waziri wa serikali wa vijana na watoto akasema aache kutumbuiza asome kwanza, kwa kuwa sheria hairuhusu ajira ya watoto. Watu walimkasirikia waziri. Mwishowe yakapatikana makubaliano: muziki wikendi na likizo, shule siku za shule. Mimi nadhani kelele zile zote mbili zilikuwa na haki. Mtoto si mradi wa familia. Lakini pia shule si mahali pa kumficha mtoto mpaka kipaji kipoe.

Hapa kwetu tuna pa kuanzia. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927. Kuna watoto wa Korogocho, jirani na dampo la Dandora, wanaopiga fidla na tarumbeta kupitia Ghetto Classics, mradi alioanzisha Elizabeth Njoroge. Hakuna aliyewachunguza damu kwanza. Walipewa ala, mwalimu na siku ya kurudi. Na tangu Januari 2026 shule za upili za juu zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwenye karatasi, msichana wa Nyatike anaweza kuchagua muziki kama masomo yake makuu. Ukikutana na mbunge wako muulize jambo moja tu: ni shule gani ya karibu iliyo na mwalimu wa muziki na ala, na mtoto wa Sori atafikaje huko. Mkondo bila mwalimu ni mto uliochorwa ukutani.

Lakini sikuandika haya ili umalize kwa kulaumu serikali, uende zako. Ile miaka ya mwanzo, miaka mitatu, minne, mitano, serikali haiko nyumbani. Wewe uko, angalau Desemba.

Ukifika ocha ukakuta mtoto anagonga, usitoe simu kwanza. Kaa. Msikilize mpaka amalize. Halafu gonga kitu umjibu, uone kama atakujibu. Rudia kesho. Muulize atapiga mpaka lini. Kama kuna mzee wa nyatiti au orutu aliyebaki, mpeleke kwake, na usiende mikono mitupu. Wazee hawa wanaondoka na hawana wanafunzi. Nyuzi za nailoni hazifiki bei ya bando yako ya wiki. Na kama ni lazima urekodi, basi hela ikija, ijue njia ya kurudi kwa mtoto.

Kisha geuka uangalie ni nani hagongi, kwa sababu mikono yake ina kazi. Mara nyingi ni msichana. Sikiliza anaimba sauti ya ngapi.

Dada yangu ana binti wa miaka minne. Mwezi wa nane nilipowatembelea, mama yake alikuwa akiimba wimbo wa Sabato huku anapepeta omena, na yule mtoto alikuwa mlangoni anaimba pia. Ilinichukua muda kung'amua kwamba hakuwa anaimba sauti ya mama yake. Alikuwa anaimba ile ya chini yake, na hakuna aliyemfundisha.

Nilimwangalia dada yangu. Yeye alikuwa ameshasikia kitambo. Aliendelea tu kuimba, polepole zaidi, ili mtoto amfikie.

Mjomba wangu bado yuko hai. Nimemtumia hela ya ngozi na waya. Nimemwambia safari hii atengeneze mbili: moja ya mtoto, moja ya mama.